Kiti cha Albertville na Milima ya Fizi: Safari ya Kisiasa ya Laurent-Désiré Kabila

Waandishi wengi wa historia ya Kongo, wanapofika kwa Laurent-Désiré Kabila, huanza na bunduki. Humkuta upande wa mashariki mwaka 1964 akiwa pamoja na Gaston Soumialot, humtazama mwaka 1965 kwa macho ya Ernesto Che Guevara, humpoteza msituni baada ya 1967, kisha humfufua Oktoba 1996 akiwa msemaji wa muungano uliomwangusha Mobutu. Masimulizi hayo ni sahihi kwa sehemu kubwa, ila yana pengo mwanzoni. Kabla ya bunduki palikuwa na kiti. Kuanzia 1962 hadi Septemba 1963 Kabila alikuwa mjumbe wa Baraza la Jimbo la Katanga ya Kaskazini, katika mji wa Albertville ambao leo unaitwa Kalemie. Alikikalia kiti hicho muda mfupi, na alikiacha kwa kulazimishwa. Makala haya yanadai kwamba kipindi hicho kifupi kina uzito unaozidi urefu wake, na kwamba watu wa Fizi na Baraka, ambao hawakuwa raia wa jimbo lile wala hawakumchagua mtu yeyote wa baraza lile, ndio waliolipa sehemu kubwa ya gharama ya yale yaliyotendeka humo.

Kabila alizaliwa tarehe 27 Novemba 1939. Kuhusu mahali, wengine hutaja Jadotville (Likasi ya leo) na wengine Baudouinville (Moba ya leo). Kwa baba alikuwa Mluba wa Katanga, kwa mama alikuwa Mlunda. Nasaba hiyo si jambo la pembeni, kwa sababu siasa ya Katanga wakati wa kupata uhuru ilikuwa imepangwa kwa nasaba. Chama cha Conakat, chini ya Moïse Tshombe, kilijinadi kuwa chama cha wenyeji halisi wa Katanga ya kusini, na kiliungwa mkono na walowezi wa Kibelgiji. Balubakat, chini ya Jason Sendwe, kiliwakusanya Waluba wa kaskazini na kufungamana na Patrice Lumumba, aliyetaka Kongo moja yenye serikali yenye nguvu mjini Leopoldville.

Uchaguzi wa Mei 1960 uliipa Conakat viti 25 kati ya 60 vya Baraza la Jimbo la Katanga. Balubakat na washirika wake walifuata kwa tofauti ndogo. Hapa ndipo lilipo tukio ambalo, kwa maoni ya makala haya, linafaa kuwa sura ya kwanza ya habari za Kabila, ingawa yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 20 asiye na sauti ukumbini. Sheria ya Msingi, yaani katiba ya muda iliyotungwa Brussels, ilidai kwamba serikali ya jimbo isichaguliwe mpaka theluthi mbili za wajumbe wawepo. Wajumbe wa Balubakat waliona kwamba Conakat ilikusudia kuunda serikali peke yake, nao wakatumia silaha pekee ambayo sheria iliwaachia wachache: walitoka nje. Akidi ikavunjika. Conakat haikuwabembeleza warudi. Ilikwenda kwa Wabelgiji, na tarehe 15 Juni 1960 Bunge la Ubelgiji likairekebisha sheria ile, wiki mbili tu kabla ya uhuru, ili akidi ya theluthi mbili isiwe kizuizi tena. Kesho yake Tshombe akapata serikali yake, na wote waliokuwemo walikuwa watu wa upande wake. Tarehe 11 Julai 1960 serikali hiyo ikatangaza kuwa Katanga imejitenga na Kongo.

Asomaye haraka ataliona jambo hili kama mabishano ya kanuni za mikutano. Lakini kwa Waluba wa kaskazini lilikuwa somo zito. Walikuwa wameingia uchaguzini, wamepata viti, wamefuata sheria, na sheria ikabadilishwa mbali, ng'ambo ya bahari, kwa sababu iliwafaa. Baada ya hapo haikuwa kazi ngumu kuwashawishi vijana kwamba ukumbi ni mchezo wa wakubwa. Vijana wa chama, walioitwa Jeunesse Balubakat, waliingia vitani dhidi ya jandarma wa Tshombe, na Kabila alikuwa miongoni mwa viongozi wao wadogo. Vita hivyo vilikuwa na ukatili wa pande zote mbili: vijiji vilichomwa, watu wakakimbilia kambi za wakimbizi. Wakati huohuo Prosper Mwamba Ilunga na wenzake walijaribu kuunda jimbo lao wenyewe, wakiwa na makao Manono, ambako askari waliotoka Stanleyville waliingia Januari 1961. Mwezi huohuo, tarehe 17, Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville.

Mwaka 1962 majimbo sita yaliyorithiwa kutoka ukoloni yalianza kukatwakatwa, mpaka yakazidi 20. Katanga ya Kaskazini ilipata kutambuliwa Julai 1962, na baraza lake likawekwa Albertville, bandari ya reli na meli kwenye Ziwa Tanganyika. Kabila akawa mjumbe wa baraza hilo, na pia mkuu wa ofisi ya Ferdinand Tumba, Waziri wa Habari wa jimbo. Alikuwa hajatimiza miaka 23.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kidogo. Katika Kiswahili cha asili baraza ni mahali pa kukaa nje ya nyumba, penye kivuli, ambapo mwenye nyumba huketi na mpita njia husimama akasalimu, akakaribishwa, akasema lake. Utawala wa kikoloni ulilichukua neno hilo na kulibandika juu ya chumba chenye mlango na bawabu. Mabaraza ya majimbo ya Kongo baada ya uhuru yalirithi chumba na bawabu wake, tena lugha yake rasmi ilikuwa Kifaransa, ambacho mvuvi wa Moba au mkulima wa Ankoro hakukisikia nyumbani kwake. Baraza lilikuwa limebaki jina tu.

Ndani ya baraza la Albertville Balubakat haikuwa tena upinzani. Ilikuwa ndiyo inayotawala, na kama ilivyo kwa vyama vingi vilivyoshinda, ilipasuka. Upande mmoja alikuwapo Sendwe, mtu wa maridhiano, aliyekuwa akisikilizana na serikali ya Leopoldville. Upande wa pili alikuwapo Mwamba Ilunga, rais wa jimbo, mfuasi wa Lumumba asiyetaka kulegeza kamba. Kabila na vijana wenzake walikuwa kwa Mwamba Ilunga. Septemba 1963 Sendwe alishika urais wa jimbo, na katika mwezi huohuo Kabila pamoja na wajumbe wengine vijana walilazimishwa kujiuzulu, wakituhumiwa kuwa na mwelekeo wa kikomunisti. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha tuhuma hiyo. Katika Kongo ya 1963, neno komunisti lilifanya kazi ambayo maneno mchawi na mwasi yalikuwa yameifanya zamani: likishatamkwa, anayetamkiwa ndiye anayepaswa kujitetea.

Mwezi huo haukuisha kabla ya jambo kubwa zaidi kutokea. Tarehe 29 Septemba 1963 Rais Joseph Kasavubu alilifunga Bunge la taifa. Siku nne baadaye, tarehe 3 Oktoba, Walumumba waliokimbilia Brazzaville waliunda Baraza la Taifa la Ukombozi. Kwa kijana aliyetoka kunyang'anywa kiti katika baraza la jimbo, sasa hapakuwa hata na mlango wa juu wa kubisha. Mtu anaweza kumlaumu Kabila kwa mengi, na makala haya yatafika huko. Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba aliuacha ukumbi kwa sababu alipenda vita. Ukumbi ulimtangulia kufunga.

Mwanzoni mwa 1964 Baraza la Ukombozi liliwatuma Soumialot na Kabila upande wa mashariki, wakaweka makao Bujumbura. Kutoka hapo walielekeza macho kwenye bonde la Ruzizi, Uvira, na Fizi.

Fizi ni wilaya kubwa ya Kivu ya Kusini, iliyogawanyika katika sekta nne: Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja. Mji wa Fizi uko juu milimani. Baraka iko chini ziwani, kwenye ghuba inayokingwa na rasi ya Ubwari. Jina la Baraka linatosha kumkumbusha msomaji kwamba pwani hii ya ziwa iliguswa mapema na biashara ya Waswahili waliovuka kutoka Ujiji, na ndiyo maana Kiswahili kilikuwa tayari kimekaa hapo kabla Mbelgiji hajafika. Wabembe, ambao ndio wengi katika wilaya, hawakuwa na mfalme mmoja, na Wabelgiji walipata taabu kuwatafutia wakuu wa kuwatawala kupitia kwao. Uhuru ulipokuja, makao ya jimbo yalikuwa Bukavu, mbali na barabara mbaya, na siasa ya Bukavu ilikuwa mikononi mwa wengine. Kwa hiyo waliokuja kusema kwamba uhuru wa kwanza uliibwa na sasa unatafutwa wa pili, hawakuhitaji kueleza sana.

Uvira iliangukia mikononi mwa waasi tarehe 15 Mei 1964, na Fizi ikafuata. Tarehe 19 Juni ikawa zamu ya Albertville, na Jason Sendwe akauawa. Basi yule aliyekuwa rais wa jimbo siku Kabila alipoondolewa barazani alikufa katika mji uleule miezi tisa baadaye, na Kabila akarudi hapo akiwa mmoja wa viongozi wa walioteka mji. Hapakuwa na mjumbe aliyeitwa kurudi kitini. Mji uliongozwa kwa amri hadi tarehe 30 Agosti 1964, jeshi la serikali na mamluki wa Tshombe walipouchukua tena. Tshombe mwenyewe, aliyekuwa amejitenga na Kongo, wakati huo alikuwa Waziri Mkuu wa Kongo.

Waasi walirudi nyuma hadi milima ya Fizi, na hapo wakadumu kuliko mahali pengine popote mashariki. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba tarehe 24. Baada yake walikuja Wakuba waliozidi 100. Majina waliyojipa ni ushahidi mdogo wa lugha ulio na maana: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Guevara, aliyekuwa mkubwa wa wote, aliitwa Tatu. Msemaji wa Kiswahili angeona haraka kwamba hizi ni namba zilizochukuliwa ili kumficha mtu. Kwa Wakuba zilikuwa siri. Kwa wapiganaji wa Kibembe zilikuwa hesabu ya mtoto wa shule.

Kabila alikuwa mkubwa wa eneo lile kwa jina, lakini alikaa zaidi Dar es Salaam na Kigoma. Alifika kwenye uwanja wa vita Julai 1965, akakaa siku chache, akaondoka. Waliobaki walikuwa na imani ya dawa inayogeuza risasi kuwa maji, silaha nzuri zisizotunzwa, na njaa. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua. Mji ulipiganiwa vikali, kisha ukaanguka. Fizi nayo ikaanguka Oktoba. Wakuba walivuka kurudi Kigoma tarehe 21 Novemba 1965. Siku tatu baadaye Mobutu alitwaa madaraka mjini Leopoldville.

Kuna jeraha lililofunguliwa wakati huo ambalo vitabu vya vita hulipita haraka. Waasi walipokosa chakula walipanda nyanda za juu na kuchukua ng'ombe wa wafugaji Banyamulenge. Hao, ambao baadhi yao walikuwa wameuunga mkono uasi mwanzoni, waligeuka wakajiunga na jeshi la serikali dhidi ya Wabembe na wenzao. Miaka 30 baadaye jeraha hilo lingeamua namna Kabila alivyopokelewa Fizi.

Mobutu aliyapunguza majimbo, kutoka zaidi ya 20 hadi 12 Aprili 1966, halafu nane mwisho wa mwaka. Katanga ya Kaskazini ikafutwa. Kwa hiyo Kabila alipounda Chama cha Mapinduzi ya Umma, PRP, tarehe 24 Desemba 1967, kiti alichonyang'anywa hakikuwa na mtu mwingine aliyekikalia. Hakikuwepo tena, wala jimbo lake, wala vyama vya kushindania, kwani MPR ilikuwa imeanzishwa Mei mwaka huohuo na ikawa chama pekee.

Makao ya PRP katika milima ya Fizi yaliitwa Hewa Bora. Maneno hayo mawili hueleweka kutoka Kigoma hadi Kisangani bila mkalimani. Si ya Kibembe, si ya Kiluba, si ya Kifaransa. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Kabila alikuwa mgeni Ubembe, na lugha pekee ambayo mgeni na mwenyeji waliweza kuitumia bila mmoja kujiona mdogo ilikuwa Kiswahili. Chama kilikuwa na mafunzo ya siasa, shule, mashamba ya pamoja, jeshi. Kilinunua na kuuza dhahabu na pembe za ndovu kupitia ziwani. Kwa wakulima wengi hii ndiyo iliyokuwa serikali ya kwanza kusema nao kwa lugha wanayoielewa. Katika Albertville ya 1963 mambo yao yalijadiliwa kwa lugha isiyo yao. Milimani yalisemwa kwa lugha yao, ila hayakujadiliwa. Kiswahili cha maki kilikuwa cha somo, cha wimbo na cha amri. Mwanachama aliitwa ndugu, lakini ndugu huyo hakuwa na mahali pa kusimama na kumwuliza mkubwa dhahabu ya mwaka jana imekwenda wapi.

Hapa ndipo hukumu juu ya Kabila inapopaswa kuwa kali. Alikuwa mtu aliyeonja kwa mwili wake ubaya wa baraza linalofukuza wapinzani. Alipata eneo lake mwenyewe kwa karibu miaka 20, na kamwe hakuweka humo baraza ambalo mpinzani angekuwa na nafasi. Mkubwa mwenyewe aliendelea kuishi sana Dar es Salaam, huku walioko milimani wakibanwa kati ya askari wa Mobutu waliowahesabu kuwa waasi na wapiganaji waliowadai utii. Dunia iliwasikia mara chache tu: Mei 1975, PRP ilipovuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, kutoka kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe; halafu Novemba 1984, wapiganaji wake walipoushika mji wa Moba kwa muda mfupi, na tena mwaka 1985. Baada ya hapo maki ilisinyaa, watu wakashuka kutoka milimani, na Kabila akawa mfanyabiashara wa ng'ambo ambaye wengi walidhani amekufa.

Wakati huo huko Kinshasa palikuwa na njia nyingine ya upinzani, na ni vema kuiweka kando ya ile ya Fizi. Novemba 1980 wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmojawapo, walimwandikia Mobutu barua ndefu ya wazi wakiwa bado wamo ndani ya bunge la chama kimoja. Walivuliwa ubunge, wakafungwa, wakapelekwa uhamishoni vijijini, na mwaka 1982 wakaunda chama cha UDPS. Fizi nayo ilikuwa na mtu wake katika jengo lile, lakini upande wa pili wa meza: Anzuluni Bembe, aliyeliongoza Bunge mwishoni mwa enzi ya chama kimoja, kisha akawa miongoni mwa wakuu wa Bunge la mpito. Ni Bunge hilo la mpito lililopitisha, tarehe 28 Aprili 1995, azimio la kuwahesabu Banyarwanda wote wa Kivu kuwa wageni wa kurudishwa kwao, Banyamulenge wakiwemo. Sauti ya Fizi ilipofika kileleni mwa bunge ilitumika kufunga mlango kwa majirani wa Fizi. Mlango huo uliposhindikizwa, vita vilikuwa karibu.

Oktoba 1996 vita vikaja. Muungano wa AFDL ulihesabiwa kuwa wa vyama vinne, na PRP ya Kabila kilikuwa kimojawapo, lakini nguvu yake ilitoka Rwanda na kwa vijana wa Banyamulenge. Uvira ilianguka kabla Oktoba haijaisha, na Baraka na Fizi zikafuata baada ya muda mfupi. Kwa Wabembe wenye umri mkubwa ilikuwa vigumu kuamini walichokiona: mgeni wao wa zamani, waliyemlisha na kumficha, amerudi akiongoza jeshi ambalo askari wake wa mbele walikuwa watoto wa wale waliopigana nao baada ya 1965. Maelfu hawakungoja maelezo. Walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengi wao wakaishia katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huo wilayani Kasulu. Wako waliozaa na kuzeeka humo.

Tarehe 17 Mei 1997 Kabila alijitangaza kuwa Rais. Kabla ya mwezi kwisha alitia saini amri iliyomkabidhi yeye mwenyewe madaraka ya kutunga sheria pamoja na ya kutawala. Bunge la mpito likatoweka, na shughuli za vyama zikasimamishwa. Februari 1998 Tshisekedi alikamatwa akapelekwa kwa nguvu kijijini kwao Kabeya-Kamwanga, adhabu ileile aliyokuwa amepewa na Mobutu. Inasemwa kwa kumtetea Kabila kwamba nchi ilikuwa vitani, na ni kweli kwamba Agosti 1998 ilivamiwa na washirika wake wa jana. Lakini amri ya Mei 1997 ilitangulia vita hivyo kwa zaidi ya mwaka. Mtu aliyelazimishwa kujiuzulu mwaka 1963 kwa tuhuma ya neno moja sasa ndiye aliyeshika kalamu ya kutuhumu.

Bunge alilokubali hatimaye lilikuwa na wajumbe 300, wote walioteuliwa, hakuna aliyepigiwa kura. Lilifunguliwa Agosti 2000, tena si Kinshasa bali Lubumbashi. Lubumbashi ni ile Elisabethville ambamo, Juni 1960, wajumbe wa Balubakat walitoka ukumbini ili akidi ivunjike. Kama Kabila aliuchagua mji huo kwa kukumbuka siku zile, basi alikumbuka mji akasahau sababu ya kutoka.

Fizi haikuwa na nafasi ya kulifuatilia bunge hilo. Kuanzia 1998 wilaya ilikuwa chini ya waasi wa RCD na jeshi la Rwanda, na milima ikawa tena ya wapiganaji, safari hii Mai-Mai waliojihesabu kuwa upande wa Kabila. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 raia kwa mamia waliuawa Makobola, kwenye barabara ya Uvira kuelekea Baraka. Wabembe wengi waliomkimbia Kabila mwaka 1996 walijikuta wakimpigania mwaka 1999, kwa kuwa aliyesimama upande wa pili aliwatisha zaidi. Kabila aliuawa Kinshasa tarehe 16 Januari 2001.

Mtoto wake Joseph, ambaye kwa maelezo rasmi alizaliwa Hewa Bora mwaka 1971, alirithi urais, na chini yake katiba mpya ilirudisha mabaraza ya majimbo yanayochaguliwa na wananchi. Tarehe 29 Oktoba 2006 wapiga kura wa Baraka na Fizi walipewa karatasi mbili siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya kuchagua kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba, na katika Kivu ya Kusini Kabila alipata karibu kura zote. Ya pili ilikuwa ya kumchagua mjumbe wa kwenda kukaa katika Baraza la Jimbo, Bukavu. Wengi waliopanga foleni asubuhi ile walikuwa wazima tangu siku za Soumialot, na hiyo karatasi ya pili ilikuwa imewachukua miaka zaidi ya 40 kuishika tena mkononi.